Neno "Ajali" na Mabasi Yetu

Msomaji mpenzi, nakuomba tulichukue neno moja la lugha yetu, tuligeuzegeuze mkononi kama mnunuzi ageuzavyo sarafu anayoitilia shaka, kisha tuamue kama thamani yake ndiyo ile inayodaiwa sokoni. Neno hilo ni ajali. Hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama zaonyesha kwamba katika mwaka 2021, na 2022, na 2023, na 2024, barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Na karibu kila mmoja wa watu hao aliandikiwa neno hilohilo katika gazeti, katika hotuba za matanga, na katika daftari la polisi. Neno linalobeba maiti wengi namna hii lapaswa kuhojiwa.

Asili yake ni Kiarabu, na huko kwao maana yake ni muda uliowekwa, hasa kikomo cha uhai wa mtu. Lilipopokewa katika Kiswahili lilikuja na maana hiyo. Katika Kiswahili cha zamani ajali ni siku ya mtu iliyoandikwa, wala si kugongana kwa vyombo. Ndiyo sababu wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Walikuwa wakisema juu ya mauti, ambayo kweli hayana kinga. Baadaye neno likahama. Likaanza kutumika kwa mtu aliyeteleza kisimani, kwa mashua iliyopigwa na dhoruba, na hatimaye kwa basi lililotumbukia bondeni. Neno lilihama, lakini halikuacha mizigo yake nyuma. Hata leo tunaposema basi limepata ajali, ndani ya sauti zetu mna kunong'ona kwa maana ile ya kale: ilikuwa imeandikwa, nani angaliweza kuizuia?

Mimi sibishani na imani ya mtu yeyote. Anayeamini kwamba siku zetu zimehesabiwa na aamini, nami nitakaa naye mkekani. Lakini imani hiyo haikumwambia mwenye basi anunue tairi kipara, wala haikumwambia fundi atie sahihi kwenye karatasi ya gari asilolitazama. Nyuma ya mabasi mengi huandikwa kwa rangi nzuri maneno ya kumtegemea Mungu. Nimesimama mara nyingi katika vituo vya mabasi nikiyasoma maandishi hayo, halafu nikashusha macho kidogo nikatazama tairi. Nakusihi nawe ufanye hivyo siku moja. Utaona kwamba dua na tairi hazikuandikwa na mkono mmoja.

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, huwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika taarifa fupi ya gazeti juu ya basi lililoanguka. Ni zoezi la sarufi zaidi kuliko la habari. Mwaka baada ya mwaka napokea sentensi iliyo ndugu wa hii: "Basi lilipoteza mwelekeo baada ya breki kukatika, tairi likapasuka, likapinduka, na abiria wakaangamia." Ni Kiswahili safi kabisa. Upatanisho wa ngeli hauna dosari, na mwalimu mvivu angalitia alama ya vema akaendelea. Sasa wewe itazame tena, ukiuliza swali moja tu ambalo hata mtoto wa darasa la nne huulizwa: mtenda ni nani?

Breki zilikatika, hazikukatwa. Tairi lilipasuka, halikupasuliwa. Basi lilipinduka, halikupinduliwa. Lugha yetu ina kauli ya kutendeka, nayo ni kauli yenye manufaa makubwa, kwani yatuwezesha kusema jambo lilivyo bila kumtaja aliyelifanya. Kila mmoja wetu aliijua kauli hii kabla hajajua jina lake. Mtoto aliyevunja kikombe humwendea mamaye na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi, "Nimekivunja." Mama, ambaye hakusomea sarufi, huielewa kauli hiyo mara moja na kuuliza, "Nani amekivunja?" Hilo ndilo swali ambalo magazeti yetu husahau kuuliza. Na tazama ajabu nyingine: kitenzi pekee katika sentensi ile ambacho kina mtenda wa kweli ni "lilipoteza", na mtenda mwenyewe ni basi! Chuma kimepewa akili na kosa, na watu wote wamevuliwa.

Nikawaambia wanafunzi waandike taarifa ileile upya, lakini kila kitendo kiwe na mtu mbele yake. Kazi iliwashinda kwa dakika nyingi. Mmoja aliandika hivi: "Mwenye basi alikataa kununua tairi jipya. Fundi alitia sahihi. Askari alipokea noti akafungua njia. Dereva aliendesha saa 14 bila kulala. Abiria walinyamaza." Darasa lilikaa kimya. Hadithi ile ile, basi lile lile. Lakini ajali imetoweka, na mahali pake wameingia watu watano.

Tuanze na breki, kwa kuwa ndizo husingiziwa zaidi. Hapo utahitaji kidogo ya somo la fizikia, nalo si geni kwako. Gari linaposimama, nguvu ya mwendo wake haipotei. Hugeuka joto katika breki. Nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Basi lililojaa watu na mizigo, likiteremka mlima mrefu huku dereva akikanyaga breki wakati wote, hukusanya joto jingi kiasi kwamba breki huacha kushika, hata kama ni nzima. Dawa ya jambo hili inajulikana na kila chuo cha udereva: teremka kwa gia ndogo, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki zisaidie tu. Lakini wako madereva ambao hutoa gia kabisa mteremkoni na kuliacha gari lijiendee, ili waokoe mafuta ya shilingi chache. Mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa, katika barabara ya Eldoret na Nakuru, umekuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi kwa sababu hiyo, hasa kwa malori. Mtu akikuambia kwamba breki zilikatika huko, yamkini hazikukatika. Zilichoshwa.

Katika sehemu hiyohiyo, mahali paitwapo Migaa, usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori zilikutana uso kwa uso, wakafa watu 36. Nchi ikalia. Serikali ikapiga marufuku safari za usiku za mabasi ya masafa marefu, na baada ya miezi michache amri hiyo ikaondolewa. Miezi kumi haikutimia tangu siku ile ya Migaa, tarehe 10 Oktoba 2018, basi jingine lililotoka Nairobi kwenda magharibi lilianguka alfajiri karibu na Fort Ternan katika Kaunti ya Kericho. Paa lake liling'oka kama kifuniko cha kopo. Walikufa watu zaidi ya 50. Wakuu wa polisi walisema basi hilo halikuwa na ruhusa ya kusafiri usiku.

Nataka usimame kidogo kwenye sentensi hiyo ya mwisho, msomaji, maana ni rahisi kuipita. Basi si sindano. Kutoka Nairobi hadi Kericho ni njia ndefu, yenye miji, vituo na vizuizi vya polisi. Basi lisilo na ruhusa lilipita njia hiyo yote, likiwa na taa zake zimewaka na watu wake wamejaa, na halikuzuiwa mpaka lilipozuiwa na bonde. Sisemi kwamba najua kilichotokea katika kila kizuizi usiku ule. Nasema tu kwamba mtu anayeliita tukio hilo ajali ametuomba tuamini kwamba basi zima halikuonekana.

Na paa je? Kwa nini paa la basi ling'oke? Kenya ina kanuni ya ujenzi wa miili ya mabasi, iliyotolewa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ijulikanayo kwa namba KS 372. Sababu ya kuwako kanuni ni kwamba mabasi yetu mengi hayafiki nchini yakiwa mabasi. Huja injini na fremu ya lori, kisha mafundi wa hapa hujenga juu yake chumba cha abiria. Fundi mwema hujenga chumba kinachoweza kupinduka bila kubomoka, na viti vilivyofungwa imara sakafuni. Fundi mbaya hujenga boksi la bati na kulipaka rangi za kupendeza. Abiria, kwa kuwa haoni mifupa iliyo chini ya rangi, hulipa nauli ileile. Wale wanaosifu mapambo ya mabasi yetu kuwa ni sanaa ya vijana wana haki, nami nayapenda baadhi yake. Lakini mhakiki anayetazama picha ubavuni na kuacha kuuliza juu ya ubavu wenyewe amefanya nusu ya kazi yake.

Kuna mahali pengine ambapo neno ajali limechakaa zaidi, napo ni daraja la Nithi, katika barabara ya Meru na Nairobi. Tarehe 24 Julai 2022, jioni ya Jumapili, basi lililotoka Meru lilitumbukia katika bonde la mto huo, kina cha mita 40 hivi, wakafa watu zaidi ya 30. Mamlaka ikasimamisha shughuli za kampuni yenye basi. Lakini Nithi haikuwa ngeni. Kabla ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa miongoni mwa sehemu hatari, ambapo mteremko mkali na kona hukutana juu ya daraja, na watu walikuwa wamekwisha kufa hapo katika miaka mingine. Mkulima akipoteza mbuzi mmoja katika shimo, husema ni bahati mbaya. Akipoteza wa pili katika shimo lilelile, jirani zake humtazama kwa jicho la pembeni. Sijui watafanya nini akipoteza wa kumi, maana hapana mkulima wa namna hiyo katika kijiji chetu. Ila yumo katika nchi yetu.

Wako watakaosema: maji na milima ni kazi ya Mungu, mwanadamu afanyeje? Nao hunitajia mto Enziu, kule Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, ambako tarehe 4 Desemba 2021 basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mafuriko, wakafa watu zaidi ya 30. Mafuriko hayakuletwa na mtu, nakubali. Lakini maji yalikuwa yamefunika njia ya kuvukia, na yalionekana kwa macho. Umati ulikuwa umesimama ukingoni ukiyatazama. Basi liliingia majini kwa sababu mtu alikanyaga mafuta. Mvua ni kudura. Kanyagio la mafuta lina mguu juu yake.

Sasa nigeukie jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote. Ajabu ya hii ajali isemwayo kwamba haina kinga ni kuwa siku moja iliwekewa kinga, nayo ikarudi nyuma.

Lazima nikukumbushe kidogo mambo yalivyokuwa. Matatu zilipata jina lake kwa sababu ya nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30, iliyotozwa hapo mwanzo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni ile iliyodaiwa mabasi makubwa, na kwa hakika ziliwasaidia wananchi maskini ambao mabasi hayakuwafikia. Miaka 30 baadaye zilikuwa zimeenea nchi nzima, zikibeba watu kama magunia ya viazi. Kijana amening'inia mlangoni, na mzee amekaa juu ya goti la mgeni. Ndipo Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alipotoa kanuni zilizochapishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila gari la abiria liwe na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Gari dogo lililozoea kuchukua watu 18 lichukue 14. Mstari wa manjano uzunguke ubavuni, dereva na utingo wavae sare, wachunguzwe na polisi, na waajiriwe kwa mshahara badala ya kukimbizana na siku.

Wenye magari walisema haiwezekani. Wakayaondoa magari barabarani, na watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Cha kushangaza ni kwamba wengi wa hao waliotembea hawakumlaani waziri. Kisha magari yakarudi, yamefungwa mikanda, na ajali zikapungua katika miezi ile ya kwanza. Hakuna mlima uliosawazishwa mwezi Februari mwaka ule, na hakuna kona iliyonyoshwa. Madereva walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja mwenye mamlaka alikataa kuliamini neno ajali, akawafanya wengine wasiliamini kwa muda.

Nasema kwa muda, kwa sababu yaliyofuata wayajua. Waya za vidhibiti mwendo zikakatwa. Mikanda ikachakaa, ikawa michafu hata abiria mwenye shati jeupe huiogopa, na mingine ikafungwa chini ya kiti. Mshahara wa dereva ukarudi kuwa hesabu ya tajiri: mwenye gari adai kiasi fulani kila jioni, na kinachozidi ndicho chakula cha dereva na utingo. Michuki alifariki mwaka 2012, na kanuni zake watu huzitaja kama wanavyotaja mvua nzuri ya mwaka fulani. Sheria nyingine ziliongezwa. Mamlaka ya Uchukuzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwaka 2013, baada ya watu 41 kufa katika basi lililoanguka usiku huko Ntulele, Narok, kanuni mpya zilitoka, na mwaka uliofuata zikatoka nyingine. Hatuna upungufu wa karatasi.

Hesabu ya tajiri yastahili neno zaidi, kwa kuwa wahakiki wengi humkaripia dereva na kuishia hapo. Dereva ndiye aliye karibu na mkono wetu, kwa hiyo ndiye hupigwa. Lakini fikiri: mtu anayelipwa kwa safari, wala si kwa mwezi, kila dakika anayosimama kuruhusu abiria afunge mkanda ni sarafu inayotoka katika mfuko wake. Akilala usingizi wa kutosha, amelala njaa. Basi lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde tatu tu, basi limekwenda mita 66 likiwa halina mtu. Nani aliyemfanya asinzie? Yuko nyumbani amelala vizuri, na kesho yake atapeleka rambirambi na kugharimia majeneza. Simtetei dereva mlevi wala mjuba. Nasema tu kwamba hukumu inayoishia kwenye usukani ni hukumu fupi.

Umebaki wewe, msomaji. Wewe na mimi ndio abiria, na katika ile taarifa ya mwanafunzi wangu tulipewa sentensi ya mwisho yenye maneno mawili.

Siku moja nilisafiri kutoka Eldoret kwenda Nakuru katika gari la watu 14. Tulipokaribia kizuizi utingo aliita, "Wakubwa, fungeni mishipi, askari wako mbele!" Mikono yote ikaenda kiunoni kwa wepesi wa kupendeza. Tulipokipita kizuizi, vishikizo vikafunguliwa kwa mlio mmoja, kana kwamba hatari ilikuwa ni askari na sasa imebaki nyuma. Mbele kidogo, katika mteremko, mama mmoja mwenye mtoto alisema, "Dereva, baba yangu, punguza mwendo, tuna watoto humu." Utingo akamjibu, "Mama, ukitaka pole pole nunua gari lako." Watu wakacheka. Jibu hilo si geni, nadhani umelisikia. Nimelitafakari mara nyingi baadaye, na naona ndani yake mna falsafa nzima: kwamba uhai ni mali ya mwenye gari, na maskini amekodishiwa tu kwa muda wa safari. Kilichomshinda yule mama hakikuwa jibu la utingo. Ni kile kicheko.

Nina sababu ya kusema hivyo, nayo si hisia tupu. Mwaka 2008 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu za hapa Kenya zaidi ya 1,000. Magari yaligawanywa kwa kura. Nusu yalibandikwa ndani karatasi zenye maneno na picha za kuwahimiza abiria waseme wakiona dereva anaendesha vibaya; nusu nyingine hayakubandikwa kitu. Ili madereva wasizibandue, waliingizwa katika bahati nasibu ya kila juma kwa yule atakayekutwa karatasi zake zingali mahali pake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: katika magari yale yenye karatasi, madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye jaribio lilifanywa tena katika magari mengi zaidi, kwa jina la "Zusha!", na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 madai yalipungua kwa robo hadi theluthi. Hiyo ni karatasi tu, msomaji. Haina breki wala usukani.

Kwa nini karatasi ifanye kazi ambayo sheria ilishindwa? Mimi nafikiri ni kwa sababu ilimwondolea abiria upweke. Yule mama wa mteremkoni hakuwa mjinga kuliko sisi. Alikuwa peke yake. Karatasi iliyo ukutani husema kwa niaba ya wote kwamba kulalamika kumeruhusiwa, na hivyo mwenye kusema haonekani mwoga wala mtu wa kujidai. Ama jina lile "Zusha" lina mzaha wa kupendeza ndani yake, maana katika Kiswahili cha vitabu mzushi ni mtu mbaya, mtunga uongo na mchokozi wa fitina. Vijana wa mjini walilichukua neno wakalifanya kuwa na maana ya kuinua sauti kwa haki. Nilikwisha kulaumu neno moja kwa kuhama na mizigo yake. Yanipasa nisifu jingine kwa kuiacha njiani.

Najua pia yatakayosemwa dhidi yangu. Litasemwa kwamba abiria maskini hana hiari, kwamba akishushwa porini usiku hatarudishiwa nauli. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi mzigo huu ni wake wa kwanza. Mwenye gari hutangulia, kisha aliyelikagua, kisha aliye kizuizini, kisha dereva. Litasemwa vilevile kwamba barabara ni nyembamba na mbovu. Hilo nalikubali nusu, kwa sababu nimeona madereva wakipunguza mwendo penye mashimo na kukimbia kama wendawazimu palipotiwa lami mpya. Na litasemwa kwamba mwalimu wa lugha angejishughulisha na lugha. Lakini hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya tangu mwanzo wa insha hii.

Muhula utakapofungwa, wewe na wenzako mtajaa katika kituo cha mabasi na masanduku yenu, na mawakala watawavuta mikono, kila mmoja akiapa kwamba basi lake ndilo linaloondoka sasa hivi. Kabla hujatoa nauli, zunguka basi. Tazama tairi za mbele: zina meno, au ni laini kama kisigino cha mzee? Fungua mlango wa dharura, kama upo, uone kama wafunguka au umefungwa kwa waya. Vuta mkanda wa kiti chako. Muulize dereva kwa adabu, "Shikamoo baba, umetoka wapi leo?" Akikujibu kwamba amefika sasa hivi kutoka Mombasa na sasa aelekea Busia, huhitaji kujua zaidi, chukua sanduku lako, uwaambie na wenzako sababu. Wanafunzi kumi wakishuka pamoja, wakala atamwita mwenye gari kwa simu. Mkiwa njiani, na dereva akakimbia, asianze mmoja wenu peke yake. Pataneni mapema ni nani atasema na ni nani watakaoitikia. Na ikibidi kumwandikia mkuu wa polisi au mhariri wa gazeti, andikeni namba ya basi, jina la barabara, siku na saa, na mliyoyaona kwa macho yenu, kila kitendo na mtu wake.